Asumini ya kikuba si mwenyeji, wa porini ndiye wetu

Ukiuliza pwani asumini asili yake wapi, utajibiwa "hapa hapa". Siyo. Asumini ya kikuba (kishada cha maua ya kunukia kinachovaliwa mwilini), Jasminum sambac, ilitoka upande wa Bara Hindi, na mlangilangi, mti mwingine wa maua ya kunukia, nao ni wa Asia. Mwenyeji hasa ni mwasumini wa porini unaotambaa vichakani: jani lake lina vijani vitatu, ua jeupe, tunda jeusi likiiva. Wataalamu wameuita Jasminum fluminense, yaani wa Rio de Janeiro, kwa sababu ulielezwa kwanza kutokana na mmea uliokutwa Brazil, ambako ulikuwa umeshavuka bahari. Mtoto wa Afrika akapewa kitambulisho cha ugenini!

Kosa la pili ni kungoja mbegu. Mwasumini wa kikuba ni nadra kuzaa tunda bustanini. Kata kipande cha tawi lisilo changa sana, sentimita 10 hadi 15, chenye vifundo viwili au vitatu. Toa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ukiweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, maji yasituame. Au lalisha tawi refu chini, lifukie katikati, ulikate litakapotoa mizizi. Wa porini huota kwa mbegu, ila watoto hawafanani na mama. Ukipata mmoja wenye harufu ya kukusimamisha njiani, mzidishe kwa vipande vya tawi. Mbegu ziache kwa siku unayotaka kubahatisha aina mpya. Ndugu walioko Florida na Hawaii wasiupande kabisa huu wa porini, kwani huko ndege wamesambaza mbegu zake mpaka umekuwa gugu.

Wengine husema, "Ukipogoa umeua maua." Kinyume chake: maua hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo msimu ukipita, kata bila huruma. Nao wanaouficha kivulini na kuujaza samadi huvuna majani matupu. Uupe jua la nusu siku angalau.

Na wanaosema asumini huvuta nyoka je? Nyoka hafuati harufu ya ua. Anafuata panya na vyura, na kichaka ambacho hujakipogoa ndiyo nyumba yake.

Mwisho, wanaochuma asubuhi maua yaliyokwisha funguka wamechelewa. Chuma matumba alasiri yakiwa bado yamefumba, tunga kikuba, yatafunguka usiku mwilini mwa mvaaji.