Taulo bichi mbele ya feni: mwachieni shemeji wa Dodoma

Juzi nimeitwa Tabata, mteja analalamika kiyoyozi "hakipozi, gesi imeisha". Nafika saa tano asubuhi. Sebule na jiko ni chumba kimoja, makande yako motoni tangu alfajiri, sufuria haina mfuniko, na mbele ya feni limetundikwa taulo linachuruzika maji. Nikauliza la nini. "Si mafundi mnasema linapoza?" Mimi sijawahi kusema. Kumbe kaambiwa na shemeji yake aliyeko Dodoma, na huyu ni wa tatu mwezi huu.

Kwa shemeji linafanya kazi kweli. Maji yakikauka yanaondoka na joto: kilo moja ikigeuka mvuke inachukua karibu kilojuli 2,400, si haba. Ila yakauke yaende wapi? Dodoma mwezi wa kumi hewa ni kavu, inayanywa. Dar mwezi wa pili, kaskazi inavuma kutoka baharini, hewa imekwisha kushiba. Kipimo changu hakihitaji mtambo. Anika kanga ndani, mbali na jua. Ikikauka upesi, tundika taulo lako kwa amani. Ikishinda mbichi, unachofanya ni kujiongezea unyevu tu, na jasho lako nalo linakosa pa kwenda. Maana taulo halisi la feni ni ngozi yako. Feni inakausha jasho mwilini, chumba haikipozi hata kidogo. Mota yake inaongeza joto. Ukitoka, zima. Feni kuhudumia kochi, mimi sijaelewa.

Tuje kwenye kiyoyozi. Kina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba la nje si ugonjwa, ni unyevu kilioutoa chumbani. (Yakidondokea kitandani, hapo nipigie.) Sasa sufuria linalotokota wazi linaurudisha uleule unyevu, saa baada ya saa, na kiyoyozi kinashinda kikikamua maji ya makande. Halafu unaambiwa gesi imeisha, na fundi wa kukujazia hakosekani. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia! Inazunguka humohumo. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Asiyetafuta panapovuja anakuuzia hewa.

Kwa hiyo funika, kisha punguza moto. Hapa usawa wa bahari maji yanachemka nyuzi 100, yatokote polepole au yarukeruke, nyuzi ni zilezile. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu, hauivishi haraka. Mahindi na maharage yaloweke usiku, tumia sufuria la presha, pika alfajiri au pikia uani. Jiko la mkaa usiliingize ndani ukafunga madirisha, linaua.

Na huo ushauri wa kufunga madirisha mchana kutwa, nao umepanda basi kutoka bara. Kule usiku unapoa, nyumba inahifadhi ubaridi. Pwani usiku wenyewe ni joto, utahifadhi nini? Kama hujawasha kiyoyozi, fungua pande mbili upepo upite. Nyumba ya bati bila dari, tafuta seremala kwanza, mimi baadaye.

Lakini nikiri jambo. Umeme ukikatika usiku, mimi mwenyewe nalowesha kanga, naikamua, najifunika kifuani. Kipimajoto cha chumbani hakisogei, nimekiangalia mara nyingi. Ngozi ina joto kuliko hewa, kwa hiyo kidogo lazima inakauka, au pengine ni ule ubaridi wa maji tu unaonidanganya. Mke wangu anasema ni la pili. Nalala hata hivyo.

Yule wa Tabata nimemsafishia filta, imejaa mafuta na vumbi, nimechaji hiyo tu. Mfuniko wa sufuria tumeukuta kabatini, bado una stika ya dukani.