Je, wajua? Uingereza hakimu anaweza kuwa dereva wa basi

Mimi miaka yote nilijua hakimu ni mtu kasomea sheria, kaajiriwa na serikali, mwisho wa mwezi anachukua mshahara wake. Kumbe huko England na Wales mahakimu wengi hawana digrii ya sheria na mshahara hawapati, wanarudishiwa nauli na posho ya kufidia kipato cha siku hiyo, basi. Nesi, mwalimu, dereva wa basi, mstaafu, wote ruksa kuomba. Na usidhani wanaachiwa kesi za kuku tu, kesi zote za jinai zinaanzia kwao na zaidi ya 90% zinaishia hapohapo, na jela wanafunga. Mauaji na ubakaji ndo zinapandishwa juu. Wapo pia mahakimu wa kulipwa waliosomea sheria, ila ni wachache.

Utaratibu huu ni wa tangu 1361, enzi za mfalme Edward III, wakiitwa walinzi wa amani, jina ambalo Tanzania bado tunalo kwa yule anayeandika maungamo ya mtuhumiwa.

Sasa wanahukumuje? Kwa kawaida wanakaa watatu, na mahakamani humo yupo mshauri wa sheria, huyo ndo msomi. Chukulia kikoba chenu: katibu anaijua katiba yote, ukimuuliza anakwambia kuchelewesha rejesho faini yake inaanzia hapa inaishia pale, lakini kama mama fulani kachelewesha kweli au risiti yake ni halali, hilo wanaamua wanachama, katibu hapigi kura. Ndo hivyohivyo. Mshauri anasema sheria inataka nini, nani mkweli wanaamua wale watatu, wawili wakikubaliana imepita. Anayeongea ni wa katikati, ila kura yake haizidi ya wa pembeni.

Kuchaguliwa: uwe na miaka 18 mpaka 74, usiwe polisi, kwanza ukakae mahakamani uangalie kesi zinavyoenda, halafu kamati ya eneo lako inakuhoji. Hawakupimi vifungu, wanataka kuona unavyomsikiliza mtu na kupima jambo bila upendeleo. Ukipita unapewa mafunzo na mzoefu wa kukushika mkono, unakaa angalau siku 13 kwa mwaka, na ukifika 75 unastaafu.

Kinachonisumbua ni kwamba mwajiri analazimika kukupa ruhusa ila halazimiki kukulipa siku hizo, kwa hiyo hata kwa ile posho ya kufidia, anayeishi kwa kipato cha kutwa inaweza kumwia vigumu, na ukiangalia waliokaa pale mbele wengi wameshavuka miaka 50.