Paka anayekojoa nje ya beseni: soma kabla hujaomba achukuliwe

Maandalizi ya chanjo kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, yametuletea paka wengi kuliko tulivyozoea hapa Arusha. Tunashukuru, maana chanjo hiyo inawahusu paka pia, kuanzia umri wa miezi mitatu. Ila foleni ya chanjo imegeuka foleni ya mashtaka. Paka kakojoa kitandani. Paka kakojoa kwenye kapu la nguo zilizokwisha pigwa pasi. Beseni lake la mchanga lipo palepale, juzi alikuwa analitumia, leo hataki hata kulisogelea. Na mwenye paka hatuulizi afanye nini. Anauliza tunamchukua lini.

Ofisi ya mifugo haichukui paka kwa sababu ya mkojo. Hayo yaeleweke, kisha tuzungumze.

Dume kwanza, kwa sababu ndiye anayekufa. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na chembechembe za madini au ute kutoka kwenye kibofu vinaweza kuuziba kabisa. Utamwona anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu au na tone lenye damu. Anakwenda kujaribu kwenye zulia, kisha bafuni. Anajilamba sehemu za siri kila wakati, analia, baadaye anatapika na kujilaza tu. Wengi husema amefunga choo, wanampa mafuta ya kula. Hajafunga choo. Mkojo ukizuiwa, taka zinarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unashindwa, na yote hayo yanaweza kutimia ndani ya siku moja au mbili. Paka wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa wanyama usiku huohuo. Asisubiri Jumatatu, na asisubiri siku ya chanjo mtaani kwenu.

Tafadhali msimpe paracetamol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu. Tunajibiwa kwamba alipewa nusu tu. Nusu nayo ni nyingi.

Jike hazibi kirahisi, lakini kibofu chake huvimba vilevile na kumuuma. Kwa paka ambao hawajazeeka, mara nyingi uvimbe huo hauna bakteria hata mmoja. Unakuja na hofu na mabadiliko ya nyumbani: mmehama, amezaliwa mtoto, ameletwa mbwa, mafundi wanagonga mabati wiki nzima. Ndiyo maana ile antibiotiki ya kuku kutoka duka la pembejeo, inayokorogwa kwenye maziwa kwa kukadiria, haimsaidii. Maji yanamsaidia zaidi. Paka asili yake ni mnyama wa jangwani, hana kiu ya haraka, na mkojo wake ni mzito. Anayelishwa dagaa wakavu au chakula cha pakiti peke yake aongezewe maji kwenye chakula chenyewe. Mchuzi wa samaki unafaa ukiwa hauna chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwake. Paka mzee anayekunywa sana na kukojoa madimbwi apimwe figo na kisukari. Mzee mwingine ana maumivu ya viungo tu, na ukingo wa beseni umekuwa mrefu kwake. Kata upande mmoja ushuke, aingie bila kuruka.

Sasa suala la kisasi, ambalo nilidhani halihitaji aya nzima. Paka hakojoi kwenye godoro kwa sababu ulikwenda Moshi Jumamosi ukamwacha. Akiumia mara mbili tatu akiwa ndani ya beseni, analihesabu beseni kuwa ndilo linaloumiza, anatafuta mahali laini, na kitanda ni laini. Ukimshika shingo ukamsugua pua kwenye mkojo, umeongeza hofu juu ya maumivu, na kesho atakojoa nyuma ya kabati usikoona. Wapo pia wanaotuambia kwamba paka aliyekojoa mlangoni ametumwa. Ofisi haina maoni kuhusu waliotumwa. Mlangoni ndipo anapopita dume wa jirani, na kila dume hujibu alama ya mwenzake.

Hapo tofautisha mambo mawili. Anayekojoa kwa haja huchuchumaa na kuacha dimbwi chini. Anayeweka alama husimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha mkojo kidogo ukutani, kwenye pazia au kwenye tairi la gari, kwa urefu wa pua ya paka mwenzake. Huyo wa pili beseni jipya halimhusu. Dawa yake ya kwanza ni kuhasiwa, na kwa jike kufungwa kizazi, maana jike naye hurusha akiwa kwenye joto. Madume wengi, karibu tisa kati ya kumi, huacha au hupunguza sana baada ya kuhasiwa, ingawa wengine huchukua wiki kadhaa. Harufu ile kali nayo hupungua. Umri wa miezi minne hadi sita unafaa. Hakuna haja ya kusubiri jike azae kwanza, na sijui ushauri huo ulianzia wapi.

Kuhasi kwa wembe nyuma ya nyumba ni kosa. Chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003, upasuaji wa mnyama hufanywa na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili kabla ya kumkabidhi paka wake, na daktari halisi hakasiriki akiombwa. Dai risiti. Kwa huduma za serikali, malipo hufanyika kwa namba ya malipo ambayo ofisi inakutengenezea, na unalipa benki au kwa simu. Ukiambiwa uweke fedha mkononi ili usicheleweshwe, usitoe. Uliza jina la mhusika na uripoti kwa mkuu wa kitengo.

Beseni lenyewe. Liwe kubwa, angalau mara moja na nusu ya urefu wa paka bila mkia, lisiwe na kifuniko, na lisikae karibu na chakula chake wala mahali mbwa anapofungwa. Mchanga usafishwe kila siku, si kila Jumamosi. Vitabu vinasema mabeseni yawe sawa na idadi ya paka na moja la ziada. Mwenye chumba na sebule Ngarenaro akiwa na paka watatu hawezi, najua. Aweke mawili, kila moja chumba chake, asiyapange bega kwa bega, kwa sababu paka mbabe atayalinda yote mawili kwa pamoja. Mchanga mlaini wa mto uliochekechwa unatosha. Si lazima ununue wa dukani. Maranda ya fundi seremala yanakubalika mbao zikiwa hazikupakwa dawa ya mchwa, jambo ambalo inabidi umuulize fundi. Majivu hapana. Yakilowa yanaunguza nyayo, naye ataukumbuka uchungu huo kila akilitazama beseni.

Kwenye kusafisha ndiko wengi wanajiharibia. Sabuni zenye amonia zinanukia kwa paka kama mkojo mwingine, hivyo unamwalika arudi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na yake. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini zina fenoli, naye akikanyaga kisha akajilamba anapata sumu. Nyonya mkojo kwa kitambaa bila kusugua, suuza kwa maji baridi, kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, iache ikae, suuza tena, malizia na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Godoro litoke juani. Madoa yaliyokauka yasiyoonekana yatafute usiku kwa ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia; mwenye duka jirani anayo. Mkojo wa paka hung'aa chini yake.

Mama mjamzito na beseni: toksoplasma, ugonjwa wa paka unaoweza kudhuru mimba, uko kwenye kinyesi, haumo kwenye mkojo, na vijidudu vyake huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla havijaweza kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku na mtu mwingine wa nyumbani, hatari kubwa imeondoka. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa zinastahili hofu hiyohiyo, lakini mishikaki hakuna anayeitupa nje.

Kuhusu majirani. Malalamiko ya paka kukojoa kwenye lundo la mchanga wa kujengea yamekuwa mengi, nasi tunasema tena: funika mchanga kwa turubai. Paka hawezi kujua kwamba mchanga huo ni wa ghorofa. Kumwekea sumu, kummwagia maji ya moto au kumfunga kwenye kiroba na kwenda kumtupa ni ukatili kwa mnyama, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inaadhibu ukatili kwa faini, kifungo au vyote viwili. Sumu inayotegeshewa paka huliwa pia na kuku, mbwa na watoto, na hapo shauri linakuwa jingine kabisa. Mwenye malalamiko aanze kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa mifugo wa kata, kwa maandishi yenye tarehe na mahali, na picha zikiwepo. Panapodhaniwa sumu, ripoti polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu wala kuzikwa kabla haujaonwa. Ufungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki na uwekwe kivulini.

Paka akikung'ata wakati unamwadhibu, na hutokea, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Paka asiuawe. Afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate siku aliyokung'ata, na daktari wa hospitali anahitaji taarifa hiyo ili aamue kuhusu sindano zilizobaki. Paka aliyeuawa na kutupwa mtoni hampi daktari taarifa yoyote.

Unapomleta paka wako kwetu kwa tatizo la mkojo, hatutoi dawa kwa maelezo ya simu wala kwa picha ya zulia. Mlete mwenyewe kwenye kikapu chenye mfuniko, pamoja na kadi ya chanjo, na mkojo ukiweza kuupata. Osha beseni, likaushe, weka changarawe safi kidogo badala ya mchanga, mfungie humo chumbani. Akikojoa, uvute kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, uweke kwenye kichupa cha sampuli kutoka duka la dawa, ufike ndani ya saa moja au mbili. Ikishindikana, kichupa kikae kwenye friji, sehemu isiyogandisha. Chupa ya soda iliyosuuzwa haifai. Sukari iliyobaki ndani yake inatupa majibu ya kisukari ambacho paka hana.