Kamera ya usiku, ziwani ni kipofu

"Fundi, kamera hii inaona paka ukutani saa nane usiku. Mbona haioni samaki?" Wafugaji wawili wa samaki wa vizimba vya ziwani hapa Jinja, Uganda, wameniuliza hivyo wiki hii, na leo ni Jumatano tu.

Tatizo ni maji. Kamera ya ulinzi hutegemea taa zake za infraredi, mwanga ambao jicho karibu halioni, mara nyingi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 850. Hewani mwanga huo hufika mbali, lakini maji huumeza, hata yawe safi kama ya chupa. Nusu mita tu, na iliyobaki ni kama sehemu ya kumi. Hiyo iliyobaki imguse samaki, kisha irudi njia ile ile hadi kwenye lenzi! Zile za nanomita 940, ambazo muuzaji anazisifu kwa kuwa hazionekani zikiwaka, ni mbaya zaidi. Usiniambie kwamba ya kwako ni ya bei kubwa. Maji hayasomi risiti.

Anayebisha namchukua kizimbani giza likiingia. Nina sahani nyeupe niliyoibandika mistari ya utepe mweusi, imefungwa kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Kwa infraredi, mistari inapotea kabla ya fundo la pili. Nikiwasha tochi ya kijani, tunaihesabu hadi la tatu. Kijani, si buluu: buluu ni ya bahari safi, maji yetu yana mwani.

Wengine hukimbilia taa kali. Ukiibandika juu ya lenzi utapiga picha ya vumbi la maji, kama dereva anayewasha fulu kwenye ukungu wa Kabale. Isogeze pembeni, urefu wa mkono mzima.

Megapikseli nyingi? Kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kikiwa na ukubwa ule ule, kila pikseli inakuwa ndogo na inaokota mwanga kidogo.

Na ile "luksi 0.0001" ya kwenye boksi, yaani mwanga mdogo kabisa ambao kamera eti inaweza kuona: mbalamwezi yenyewe haifiki luksi moja. Boksi halisemi shata, kilango kinachopitisha mwanga, ilikaa wazi muda gani. Ikikaa sana, ngege (sato) anayepita anageuka mstari wa moshi.

Ukimaliza kutazama, zima taa. Wavuvi wa mukene (dagaa) wanajua kinachofuata: ukichelewa, mukene na wadudu wamevutwa na mwanga na kujazana mbele ya lenzi, na ngege wako humwoni tena.