Seva ya kwanza kwenye orodha si lazima iwe ndiyo mgonjwa

Dhana: Ukipanga orodha ya seva kwa matumizi ya prosesa, iliyokaa juu ndiyo yenye tatizo.

Dhana hii imekula usiku wa wengi, wangu ukiwemo. Watumiaji wanalalamika mfumo unakwama. Unafungua programu ya usimamizi, unabofya kichwa cha safu ya prosesa, na mashine pepe (seva iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi) yenye asilimia 96 inapanda juu. Unaishughulikia saa nzima, kumbe ni ya kuandaa ripoti za usiku na inafanya kazi yake kama kawaida. Inayoumia iko chini kabisa, inaonyesha asilimia 30.

Inaonyesha 30 kwa sababu haipati zamu. Mashine pepe hugawana prosesa halisi za seva moja; zikiwa nyingi mno hupanga foleni, na muda wa kusubiri hauhesabiwi kuwa matumizi. Kwenye vSphere ya VMware, programu ya kuendesha mashine pepe, kuna kipimo cha "Ready", yaani muda wa kusubiri prosesa, kinachotolewa kwa milisekunde. Kwenye chati ya muda halisi, kila nukta ni sekunde 20. Mashine yenye prosesa pepe moja ikionyesha 2,000, imesubiri sekunde 2 kati ya hizo 20, yaani asilimia 10 ya muda wake. Hapo mtumiaji lazima ahisi. Kwa Linux iliyo juu ya KVM au Xen, ambazo nazo ni programu za kuendesha mashine pepe, fungua amri ya top uangalie "st", asilimia ya muda ambao mashine ilisubiri prosesa halisi. Mimi sasa naanzia kwenye foleni, kisha ndiyo naenda kwenye matumizi.

Dhana: Wastani ukiwa mdogo, seva ilikuwa imetulia.

Chukua dakika 5, sawa na sekunde 300. Seva ikibanwa kwa asilimia 100 kwa sekunde 30, kisha ikabaki kwenye asilimia 5 muda wote uliosalia, wastani wake ni asilimia 14.5. Kwenye orodha itaonekana imelala, na zile sekunde 30 ndizo mteja alizokuwa anajaribu kulipa.

Kadiri siku zinavyopita ndivyo picha inavyofifia. Kwa mipangilio ya kawaida ya vCenter, programu ya kusimamia vSphere, vipimo vya kila sekunde 20 hudumu kama saa moja tu. Baada ya hapo kinabaki kipimo kimoja kwa kila dakika 5 kwa siku moja, kila dakika 30 kwa wiki, kila saa 2 kwa mwezi, na kimoja kwa siku nzima kwa mwaka. Kwa hiyo tatizo likitokea, hifadhi chati saa ileile. Ukirudi wiki ijayo utakuta mstari ulionyooka.

Dhana: Kumbukumbu ikifika asilimia 90, imejaa.

Linux hutumia nafasi iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu zinapoihitaji. Angalia MemAvailable, kumbukumbu ambayo programu zinaweza kuipata, iliyoongezwa kwenye kerneli (kiini cha Linux) 3.14 mwaka 2014. Usihukumu kwa MemFree, ile isiyotumika kabisa.

Dhana: Asilimia zinatosha kulinganisha seva.

Kore ni kitengo cha kuchakata ndani ya prosesa. Asilimia 80 ya kore 2 ni kore 1.6. Asilimia 20 ya kore 32 ni kore 6.4. Ukitaka kupunguza mzigo wa seva mwenyeji, ile halisi inayobeba mashine pepe, kwa kuhamisha mashine moja, ya pili ndiyo itakayokupa nafuu, ingawa orodha imeizika chini. Panga kwa megahezi au kwa kore zinazotumika.

Dhana: "Seva-10" kutangulia "seva-2" ni hitilafu.

Safu ya majina inapangwa kama maandishi, herufi kwa herufi. Zipe majina seva-02 na seva-10, mambo yatakaa sawa.

Dhana: Zilizo mkiani hazina kazi, zizimwe.

Hamu ya kuzizima naielewa. Mwaka 2007 Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walieleza kuwa hata seva yenye ufanisi mzuri wa nishati hula takriban nusu ya umeme wake wa kilele inapokuwa karibu haifanyi lolote. Huo ni upotevu mkubwa, na kupanga kuanzia chini kwenda juu ni njia nzuri ya kuutafuta. Lakini mashine ya mishahara huamka mara moja kwa mwezi. Ukitazama siku 7 tu, utaihesabu mfu. Tazama angalau siku 35, chuja kwa lebo ya mwenye mashine, kisha umpigie simu. Zile zisizo na lebo ndizo zitakazokusumbua, kwa hiyo anza kuziwekea lebo leo, kabla hujagusa kitufe cha kuzima.