Safari ya baiskeli ya mchango inapohesabiwa kama uniti ya chuo

Wanafunzi wakinyonga baiskeli kutoka Kisumu hadi Nakuru kuchangisha pesa za matibabu, watu huwashangilia, picha hupigwa, mchango hukabidhiwa, na kwa chuo chao jambo hilo huwa limekwisha. Kuna vyuo, hasa Marekani, ambako safari ya aina hiyo inaweza kuingia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo ya mwanafunzi. Utaratibu wenyewe huitwa kujifunza kupitia huduma: mwanafunzi hufanya kazi ya kufaa jamii, akaifungamanisha na somo analosomea, kisha mhadhiri akapima alichojifunza na kukitolea krediti, kipimo cha masomo kinachohesabiwa kuelekea shahada.

Alichojifunza, si alichofanya. Mwaka 1993 Jeffrey Howard wa Chuo Kikuu cha Michigan aliweka kanuni hiyo mbele ya nyingine zote: krediti hutolewa kwa elimu iliyopatikana, haitolewi kwa huduma yenyewe. Kwa hiyo kilomita hazina alama, na shilingi pia hazina.

Hesabu ya saa inalionyesha hilo vizuri. Marekani, krediti moja ni kama saa 45 za kazi katika muhula: saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30. Kwetu Kenya uniti, yaani somo moja la muhula, hupimwa kwa saa za mihadhara, 35 au 45 kutegemea chuo, na kwa kawaida saa tatu za vitendo huhesabiwa kuwa sawa na saa moja ya mhadhara. Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho ni kilomita zipatazo 180. Ukiziendesha kwa siku tatu, saa nane kila siku, una saa 24 barabarani. Hata zikikubaliwa zote kuwa vitendo, ni sawa na saa nane tu za mihadhara. Kazi kubwa ya uniti hiyo hufanyika kabla ya kupanda baiskeli na baada ya kushuka.

Chukua mfano wa kundi linalochangia watoto wenye selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi katika kaunti zinazopakana na Ziwa Viktoria. Anayesomea biolojia ana swali zito mkononi: kwa nini jeni inayoleta ugonjwa huu imedumu mahali penye malaria? Jibu ni kwamba mwenye kurithi nakala moja tu ya jeni hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na mwenye nakala mbili ndiye anayeugua. Mwenzake wa sayansi ya michezo anaweza kupima mapigo ya moyo kundi likipanda kutoka ziwani, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Mau Summit kwenye zaidi ya mita 2,300. Wa biashara atatayarisha bajeti na hesabu za mchango. Kila mmoja anaandika shajara na ripoti, kisha anaitetea mbele ya mhadhiri.

Kiasi cha pesa kilichokusanywa kisiwe sehemu ya maksi hata kidogo. Mwanafunzi ambaye wajomba zake wana mishahara mizuri atafikisha lengo kwa simu tano, na yule wa mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, atatembea juma zima. Kuwapanga kwa fedha ni kupima jamaa zao.

Dhana hii si ngeni upande wetu. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hupelekwa katika vituo vya afya vya vijijini wakajifunze huku wakihudumia, na kazi hiyo ni sehemu ya mtaala wao. Atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, pia hupimwa kwa ripoti na msimamizi. Safari ya baiskeli inahitaji mlango huohuo: kozi ya mradi ambayo idara tayari inayo, mhadhiri aliyekubali kusimamia, na makubaliano ya maandishi kabla ya safari kuhusu kitakachopimwa. Ukirudi na picha na risiti ndipo uombe krediti, idara haina cha kupima.

Na kabla ya kupitisha ndoo sokoni Ahero au Kericho, tafuteni kibali. Sheria ya Michango ya Umma, sura ya 106, inawahusu wanafunzi pia.