Ming'oko na ndiga: kamba ikishakauka

Ukipita Mtwara au Lindi wakati wa kiangazi, utawakuta akina mama kandokando ya barabara wakiuza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, vyembamba, vya kuliwa kwa chumvi na pilipili. Naila kila nikisafiri. Kama mtaalamu wa mimea, ninachokiogopa ni ndugu yake, ndiga.

Wote ni jamii ya viazi vikuu na wote hupanda miti kwa kujiviringisha. Masika huwezi kuwachanganya ukiangalia vizuri: ming'oko ina jani moja moja, ndiga ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Lakini watu huchimba kiangazi, majani yameshapukutika, kimebaki kikamba kikavu kinachoingia ardhini. Mzoefu ameshaweka alama mahali pake tangu mvua. Mgeni anabahatisha.

Ndiga ina sumu iitwayo dayoskorini, inayoshambulia mishipa ya fahamu. Koo huwaka, kizunguzungu hushika, mtu hutapika, na ikizidi huja degedege na pumzi kukwama. Kuchemsha peke yake hakutoshi. Sumu hii huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana bibi zetu miaka ya njaa walimenya ndiga, wakaikata vipande vyembamba, wakailoweka kwenye maji ya mto yanayotembea kwa siku kadhaa, ndipo wakaianika na kuitwanga unga. Anayeipika kabla ya siku kutimia mara nyingi anajua anachofanya. Watoto wanalia, naye amechoka kungoja. Huyo ndiye ninayemfikiria zaidi ninapoandika haya.

Huwa naulizwa pia: mbona Nigeria na Kameruni wanailima? Kweli, ni spishi ileile, *Dioscorea dumetorum*, ila kule wakulima wamechagua zisizo chungu kizazi baada ya kizazi. Ya msituni kwetu haijapitia mikono hiyo. Wala usiseme nyani au nguruwe pori wameifukua wakala. Matumbo yao si yetu.

Aliyekula akaanza kujisikia vibaya apelekwe kituo cha afya palepale, msingoje azidiwe. Msimlazimishe kutapika, na akishikwa na degedege msimnyweshe kitu chochote. Kiazi kilichobaki, hata kama ni maganda tu, kitieni kwenye mfuko mwende nacho, daktari akione.